Siku Nilipomgeuza Baba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka nikitaka na nisipotaka. Naikumbuka hata kwa harufu yake: omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu kuukuu, moshi wa jikoni kwa mama, na mafuta ya cherehani vidoleni mwa baba. Wewe unanijua kama Mama Picha wa hapa Kapsoya, yule mzee aliyewapiga picha wazazi wako siku ya harusi yao akawakemea kwa kufumba macho. Kazi hii nimeifanya katika mji huu wa Eldoret maisha yangu yote. Lakini ukiniuliza ni picha gani iliyonifunza kazi, sitakutajia hata moja ya zile nzuri. Nitakutajia ile mbaya kuliko zote, na ubaya wake ni kwamba kila aliyeiona aliisifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na maringo ya kujaza debe. Nilikuwa nimetoka kwetu ziwani nikaja huku kwenye baridi kutafuta kazi, na mtu aliyenipa ni Mzee Njuguna, mwenye studio ndogo karibu na stendi ya basi. Yeye naye alikuwa mgeni, alitoka Nyeri akiwa na kamera moja na koti moja. Niliingia kwake kufagia. Baadaye akanipa kazi ya kuosha sahani za dawa, kisha akaniingiza chumba cha giza nijifunze kusafisha filamu, na mwaka wa tatu akanisimamisha nyuma ya kamera. Msichana nyuma ya kamera, siku hizo! Watu walikuwa wakiingia wanauliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yao kama mlingoti.

Mzee Njuguna hakuwa mtu wa maneno mengi. Picha ikishakauka, kabla haijapewa mwenyewe, alikuwa anaishika kwa ncha za vidole na kuuliza neno moja tu: "Macho?" Nikimwonyesha macho ya mtu yanaonekana, anaipitisha. Yasipoonekana, picha inachanwa na mwenyewe anaitwa kupigwa upya, bure. Mimi nilikuwa naona ni ushamba wa wazee. Ukutani pale studio palikuwa na kalenda ya nchi za mbali, ina picha ya jua likizama ziwani na mtu amesimama mbele yake, mweusi tititi, huoni hata pua. Jamani, nilivyoipenda kalenda hiyo! Miezi yake ilikwisha na bado sikuiondoa. Nilikuwa najiambia, kwetu tuna ziwa kubwa kuliko hilo, na jua letu likizama halina mpinzani. Siku nikishika kamera nikiwa kwetu, watanijua mimi ni nani.

Pasaka ikafika, nikaomba ruhusa ya siku nne kwenda nyumbani. Mzee Njuguna akaniazima kamera yake ndogo, isiyo na flashi, ndani mna filamu ya nyeusi na nyeupe iliyobaki picha nane. Akaniambia, "Mpige babako vizuri. Mtu wa umri ule hupigwa mara moja."

Baba yangu alikuwa fundi wa cherehani. Meza yake ilikuwa barazani kwa duka moja pale kwetu karibu na soko la samaki, na watu wa soko ndio aliokuwa akiwashonea. Hakuwahi kupigwa picha isipokuwa ile ya kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kilikuwa kimeingia maji mara nyingi hata uso ukabaki doa la kahawia. Alipopata habari kwamba binti yake anakuja na kamera, alitoa kitambaa kizuri cha kijivu alichokuwa amekificha chini ya kitanda kwa miaka, akaanza kujishonea koti. Mama aliniambia alilishona akalifumua mara mbili, eti bega la kushoto halikai. Fundi aliyewavisha watu wote wa soko, hiyo ndiyo mara ya kwanza kujipima mwenyewe.

Nilifika adhuhuri. Nikamkuta amesimama mlangoni ndani ya koti lile, na jua la kwetu unalijua, jasho linamtoka. Akacheka, akaniambia, "Fundi amefika. Tupige sasa hivi?"

"Hapana, baba. Ngoja jioni. Picha nzuri ni ya jioni."

Akangoja. Mwanangu, alingoja mchana kutwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, hakuegemea popote ili koti lisijikunje. Wateja walikuja akawaambia kwa upole warudi kesho, leo anapigwa picha. Mdogo wetu wa mwisho, Ouma, alikuwa na mwaka na miezi tu. Kila akitambaa kumwendea baba, mama alimnyakua asije akampaka baba uji. Sote tulikuwa tunalinda koti.

Jioni tukaenda ufukoni. Sasa nikueleze desturi moja, kwa sababu nyinyi wa siku hizi hamjaiona. Wazee wa kwetu wa zamani walikuwa na tabia ya kusimama wakilitazama jua linapokwenda. Wanatema mate kidogo kuelekea huko na kulisemesha: nenda na mabaya yetu, uturudie kesho na mazuri. Baba alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini hilo hakuliacha. Kila siku akifunika cherehani yake alikwenda ukingoni, akasimama, akamaliza maneno yake ndipo akarudi kula. Kwa hiyo tulipofika, miguu yake ilimpeleka pale pale pa siku zote. Akasimama ameelekea majini, jua lote usoni mwake. Na mimi nikawa nyuma yake, naona mgongo wa koti.

"Baba, geuka. Nataka ziwa liwe nyuma yako."

Akanitazama kwa juu ya bega. "Jua nilipe mgongo, nalo linaaga?"

"Ndivyo picha zinavyopigwa huko mjini."

Akafikiri kidogo. "Mimi nikishona, mwanangu, huanza kwa kumpima mtu. Kitambaa hata kiwe kizuri namna gani hukikata baadaye." Kisha akatabasamu, akageuka. "Haya. Fundi ni wewe. Mteja hamwambii fundi pa kukatia."

Wewe mwenyewe unajua kilichotakiwa. Hata mtoto leo anajua. Nilitakiwa nivue viatu, niingie majini hadi magotini, nisimame mimi kati yake na ziwa, nimwache pale pale alipojisimamisha. Mwanga ule mwororo ulikuwa unamwangukia usoni kama ulioagizwa, kila kunjo, kila unywele wa ndevu, na yale macho. Nilitakiwa kuloa miguu tu. Badala yake nikamsimamisha gizani ili nyuma yake kung'ae.

"Nitazame wapi?" akauliza.

"Nitazame mimi."

Akanitazama. Alinitazama kwa macho yake yote, mtu aliyengoja mchana kutwa. Na mimi, Mungu anisamehe, kwenye kile kidirisha cha kamera nilikuwa natazama mawingu juu ya bega lake. Nikapiga saba namna hiyo. Ya nane akaniomba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji kwa wenyewe: "Moja basi, nikiwa nimelitazama jua kama kawaida yangu?" Wakati huo wingu lilipasuka, mwali ukashuka hadi majini. Nikamwambia, "Baba, sogea kidogo." Akasogea. Nikaipiga ile ya nane, jua peke yake. Alisimama kando, mikono nyuma, akangoja nimalize, kisha akageukia jua lake na kulisemesha maneno yake ya siku zote. Filamu ilikuwa imekwisha.

Nikarudi Eldoret nikiwa nachekacheka peke yangu. Niliisafisha filamu ile mwenyewe, nikachapa picha moja kubwa, nikaitundika kwenye kamba ikauke. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Njia ya jua juu ya maji, mawingu matabaka matabaka, na katikati mtu amesimama, mweusi tititi. Kalenda ya ukutani haikufua dafu.

Mzee Njuguna akaishika kwa ncha za vidole. Akakaa nayo. "Macho?"

"Mzee, hii si picha ya namna hiyo. Hii ni..."

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

"Wewe msichana," akasema, na hakupaza sauti, "mimi simwoni babako. Naona jua. Jua litakuwepo kesho, na kesho kutwa, halina haraka. Chukua filamu nzima, chukua kamera, panda basi leo, ukampige tena. Kazi ya hapa nitafanya mimi."

Nilinuna, mwanangu. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Nikajiambia mzee huyu ana wivu, ameona mwanafunzi amempita. Na kwa bahati mbaya wateja wakaiona picha pale kwenye kamba. Weeh! "Nani amepiga hii?" "Hii ni Ulaya?" Mwalimu mmoja akaomba achapiwe yake aitundike sebuleni. Nikaona wanaonisifu ni wengi na anayenikosoa ni mmoja. Mzee Njuguna aliniuliza wiki iliyofuata kama nimekwenda. Nikasema mwisho wa mwezi. Kila mwezi nikawa na sababu yangu, na Oktoba nikasema wakulima wa Moiben wanavuna, kila Jumamosi kuna harusi, nitakwenda Krismasi. Na Krismasi haikuwa mbali. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu shule, nilikuwa hata nimeiandikia insha.

Novemba, asubuhi, nilikuwa nampanga bibi harusi kwenye kiti nilipomwona ndugu yangu Odhiambo mlangoni. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakunisalimu. Alisema, "Baba ametuacha, ni homa ya siku tatu tu. Mama anasema uje na picha yake."

Unasikia hilo neno? Mama hakusema njoo ulie, hilo alijua nitalifanya. Alisema njoo na picha. Kwetu, kama kwenu, picha ya marehemu hutangulia jeneza, huwekwa pale watu wanapotoa heshima, halafu hutundikwa ukutani, na mtoto akiuliza anaonyeshwa. Na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na mpiga picha. Nani angekosa picha? Si sisi.

Tuliingia chumba cha giza, Mzee Njuguna na mimi. Hakunikumbusha lolote, na ningependa kama angenitukana. Alichukua filamu, akaiinua kwenye taa. Katika filamu mambo huwa kinyume: panapong'aa panakuwa peusi, penye giza panabaki peupe. Jua la baba lilikuwa jeusi, zito, limejaa. Na pale uso wake ulipokuwa palikuwa peupe kama kioo cha dirisha, hakuna alama hata moja. Zote saba. Alijaribu, yule mzee. Alichapa kwa mwanga mdogo, akachapa kwa mkubwa, akakinga mahali pa uso kwa kiganja ili uso utoke. Alichapa hadi karatasi zikaisha kwenye sanduku. Kilichotoka ni kijivu mahali pa cheusi, basi. Mwishowe akaniwekea mkono begani. "Karatasi haiwezi kutoa kitu ambacho filamu haikupewa," akasema. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, nikaegemea sinki la dawa, na bibi harusi wa watu ananisikia nje.

Nilikwenda na picha ileile, kubwa, ndani ya fremu. Sikuwa na nyingine. Watu walikuja mmoja mmoja kuitazama. Rafiki wa baba, mwanamke mzee aliyekuwa akiuza omena mbele ya cherehani yake, alisogeza macho hadi pua ikagusa kioo. Akaniuliza, si kwa ubaya, "Na uso wake, mama, umeuweka wapi?" Mama ndiye aliyenijibia. Alisema, "Iache tu hapo. Sisi tuliomjua tutamjua." Baba alikuwa amevishwa koti la kijivu, akazikwa nalo, bega la kushoto limekaa sawasawa. Na mgongoni kwa mama alikuwa Ouma, amelala, hana habari. Wote waliokuwa pale walimjua baba. Ni yeye peke yake ambaye hangemjua.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuishi, mwanangu, maana kosa halizikwi na mtu. Ouma alipokuwa na miaka kama saba aliishusha picha ukutani, akaitoa kwenye fremu, akaipeleka juani. Nilimkuta anaigeuza huku na huku, kama labda kuna pembe ambayo uso utaonekana. Alikuwa anapasugua kwa kidole gumba, pale usoni, taratibu. Alifanya hivyo miaka mingi. Picha hiyo bado ipo, na mahali pa uso karatasi imechakaa hadi nyuzi zinaonekana. Hakuwahi kunilaumu. Wengine walimwambia baba alikuwa hivi, alikuwa vile, na kila mmoja na baba wake.

Mwaka huu alikuja kunitembelea hapa. Ndevu zake ni nyeupe, amempita baba kwa umri. Tulikuwa tumemaliza kula, akaweka kikombe chini akasema, "Dada, mama hayupo tena, na Odhiambo hayupo. Umebaki wewe. Nieleze uso wake polepole. Mimi nitafumba macho." Akafumba kweli, mtu mzima na miaka yake, mikono juu ya magoti.

Nikaanza. Nikasema alikuwa na paji pana, lenye kunjo mbili. Nikasema masikio yake yalisimama kidogo. Nikasema shavu la kulia lilibonyea akitabasamu. Halafu nikajishtukia. Nilikuwa namtazama Ouma. Nilikuwa namsoma Ouma aliyekaa mbele yangu na kuyaita hayo baba. Nikageuza macho dirishani nimtafute baba mwenyewe, na mwanangu, sikumpata. Nilipata koti. Nilipata sauti yake, "Haya, fundi ni wewe." Uso haukuja.

"Endelea," Ouma akasema, macho bado amefumba.

Lakini jua la jioni ile naweza kukuchorea sasa hivi. Chini kabisa lilikuwa jekundu la udongo wa mfinyanzi, juu yake rangi ya papai, juu tena zambarau, na pembeni wingu moja lenye ukingo wa manjano. Rangi hizo hazimo hata kwenye picha, maana filamu haikuwa ya rangi. Nazikumbuka kwa sababu huko ndiko macho yangu yalikokuwa. Baba ananitazama mimi, na mimi natazama nyuma yake.

Nikamwambia Ouma ukweli. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimeupoteza." Alifumbua macho. Akainua kikombe, chai ilikuwa imeota utando, akakirudisha chini. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Basi jua lilikuwaje?" Nikamweleza jua.

Sasa unajua kwa nini Jumapili uliponionyesha simu yako sikusema kitu, ukadhani nimechukia. Ulikuwa umetoka kumwona nyanyako kule ziwani. Umemsimamisha mwisho wa siku, jua linazama nyuma yake, yeye mweusi tititi, na watu wengi wamekuandikia kwamba ni nzuri. Ni nzuri. Mimi ni fundi, siwezi kukudanganya. Lakini nyanyako ana umri gani? Na ulipokuwa unabonyeza, yeye alikuwa anatazama nini?

Nasaha yangu si ndefu. Jua halikuhitaji, mtu wako ndiye anayekuhitaji. Ukitaka kuwapiga wazee wako, waache wasimame wanavyosimama wenyewe, halafu utafute wewe pa kusimama, hata kama ni majini. Kabla hujabonyeza, shusha hiyo simu na umtazame mtu kwa macho yako makavu, mpaka ujue ukiulizwa utasema nini. Na mkubwa wako akikwambia rudi, rudi wiki hiyohiyo. Usiende kuhesabu wanaokusifu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi guu langu ni zima. Aliyevunjika ni mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama, ambaye hata hakuwepo kwenye mabishano.

Nyanyako yuko hai. Basi la kwenda huko linaondoka asubuhi. Ukifika mwambie umekuja kumwangalia tu, naye atakucheka, atakuuliza kama umefukuzwa kazi. Mwache acheke, na umwangalie anavyocheka.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe wazee wa kukaa nawe siku nyingi, na akupe macho ya kuwatosha. Na siku yako ikifika, ukishaondoka, mtoto wa mwisho kabisa katika nyumba yako akiuliza ulikuwa na sura gani, asikose wa kumwambia.